Sanduku la Mama

Karani wa vyeti vya kuzaliwa alifungua kabati nilipomwomba anitafutie jina la mama, ikanijia harufu ya karatasi kuukuu na dawa ya mende. Sanduku la mama, katika nyumba yetu ya Mji wa Kale, lilinukia hivyo hivyo.

Siku moja, nilipokuwa mdogo, baba alisikia kwamba mama anarudi kwao. Akalivunja sanduku kwa nyundo. Mama alipomng'ang'ania mkono, baba alimbamiza ukutani mpaka damu ikamtoka kinywani, ikatapakaa kwenye leso. Kisha akazitupa karatasi zote za mama, pamoja na cheti cha kuzaliwa, kwenye makaa ya seredani.

"Sasa nenda ukaseme wewe mwana wa nani!"

Nyanya, mamake baba, akatoka jikoni na mchi wa kinu. Hakumkemea. Alimpiga mwanawe kwenye mkono ulioshika nyundo, nikasikia mfupa ukivunjika.

"Mchukue mtoto, mwanangu," akamwambia mama. "Nendani. Huyu niachieni mimi."

Tulikimbilia Feri bila viatu. Mpaka kule uchochoroni nilimsikia baba akilia kwa sauti, akimwita mamake.