Vidole Viwili vya Mpanga Bustani

Mpanga bustani wa stesheni yetu mpya hupanda miti kwa vidole viwili. Hukibana kimti cha sponji, hukipuliza vumbi, hukisimamisha kando ya kistesheni cha mbao pale mezani, kisha hufumba jicho moja na kukinong'oneza, "Hapo hapo, mrembo, usisogee." Ukimuuliza abiria watapita wapi, atakwambia haraka haraka haina baraka. Jana, miti ya kweli ikiwa imeshapandwa, bibi mmoja mwenye mabegi alilizunguka jengo zima akihema. "Mwanangu, mlango uko wapi? Treni inaondoka!" Mlango ulikuwa nyuma ya mti mnene kama pipa, ulioletwa na lori. "Samahani, bibi," akasema mpanga bustani, akafumba jicho moja, akaubana ule mti kwa vidole viwili, akavuta.