Tiki ya Nchi Yetu

Mume wangu anaishi kwa tiki. Kila asubuhi, chai ikiwa bado inamchoma midomo, hufungua kompyuta kwenye meza ya chakula na kukagua kasino gani ya mtandaoni inapokea pochi gani ya simu, katika nchi gani. Ikipokea, anaweka tiki ya kijani. Isipopokea, anaweka mkato mwekundu. Nchi ni thelathini na nane, pochi ni kumi na tisa, na yeye mwenyewe hajawahi kuvuka mpaka hata kwa bahati mbaya. Mtaani wanamwita Balozi. Ukimtajia nchi yoyote hatakwambia mji wake mkuu, ila atakwambia pochi yao husumbua mwisho wa mwezi.

Kucheza, hachezi. Hata karata akicheza na mwanetu hufungwa, tena kwa amani kabisa.

Zamani jedwali lake lilikuwa na safu mbili kwa kila pochi: kuweka na kutoa. Hayo ni mambo mawili. Kuna nchi ambako pochi huingiza pesa kasino kufumba na kufumbua, lakini ukishinda hairudishi hata shilingi. Mwaka jana bosi wake, mwenye tovuti inayochapisha jedwali hilo, ambaye tunamjua kwa sauti tu, akasema wasomaji wanachoshwa na safu nyingi. Ziwe moja, na tiki iwe ya kuweka. Mume wangu akabisha kwa barua pepe moja yenye adabu mno, akajibiwa kwa picha ya kidole gumba, akaziunganisha. Nchi yetu nayo ikapata tiki. Nilimuuliza kama sisi tunaweza kutoa.

"Hatuwezi," akasema. "Lakini nani ataangalia nchi yetu?"

Aliyeangalia ni mdogo wangu, fundi cherehani. Shule moja ilikuwa imempa oda ya sare mia mbili kwa sharti kwamba kingo zote zipigwe overloki, ule mshono wa kuzuia nyuzi zisichomoke. Mashine hiyo hana, na alikuwa amekusanya nusu tu ya bei yake. Mwenye akili angekopa. Yeye, maji yalipomfika shingoni, alifungua ukurasa wa shemeji yake, akaona tiki, akaiingiza ile nusu kasino. Kibaya zaidi, akashinda.

Alikuja kwetu Jumamosi amevaa shati la harusini. Akaweka simu mezani taratibu, kama mtu anayeweka yai.

"Shemeji, overloki hiyo hapo. Na ya uzi inabaki. Nioneshe tu pa kubonyeza."

Mume wangu akaitazama simu. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, na namba haikubadilika.

"Umeingizia pochi ipi?"

"Hiihii yangu ya kila siku."

"Hiyo inaingiza tu, shemeji."

"Sawa. Kwani kutoa ni siku gani?"

Mganga hajigangi, wahenga walisema, na nikaona hata shemeji zake hawagangi. Mume wangu aliwaandikia kasino barua nne, na zote zilijibiwa kwa furaha. Pesa ni lazima irudi kwenye pochi ilikotoka, kwa jina lilelile. Pochi hiyo, nchini kwetu, haipokei malipo ya kasino. Katika nchi jirani inapokea, lakini kwa kitambulisho cha jirani. Walisikitika sana, wakampa mdogo wangu mizunguko ishirini ya kucheza bure. Ng'ombe wa maskini hazai. Wa kwetu alizaa, ndama akabaki kwenye zizi la watu.

Siku tisa mdogo wangu alikuja kuangalia kama pesa bado ipo. Ilikuwepo. Siku ya kumi shule ikampa oda fundi mwingine. Nililia jikoni, sifichi, kisha nikamfuata mume wangu pale mezani.

"Mwambie ukweli. Usipomwambia wewe, nitamwambia mimi."

Akamwambia mlangoni, mdogo wangu akiwa ameinama anafunga kamba za viatu.

"Ile tiki niliiweka mimi. Nilijua haitoi."

Mdogo wangu alimaliza kufunga kiatu cha kwanza, akahamia cha pili.

"Najua ni yako, shemeji. Ingekuwa ya mtu mwingine, ningeuliza kwanza."

Hakupandisha sauti. Aliniaga mimi peke yangu, akaenda zake.

Mume wangu akarudi mezani. Bila kumwomba mtu ruhusa, akaanza kuzitenganisha zile safu, kuweka huku na kutoa kule, akianza na nchi yetu. Alikuwa amefika nchi ya kumi na moja bosi alipompigia. Niliisikia ile sauti tangu jikoni. Mume wangu akajibu "ndiyo" mara mbili na "hapana" mara moja, akakata, akaendelea. Alipofika nchi ya kumi na nne, tovuti ikamtoa, ikakataa neno lake la siri. Akalijaribu mara tatu, polepole, kisha akaifunga.

"Mdogo wako anakaa nyumba ya ngapi kutoka kituoni?" akaniuliza.

Tumeoana miaka minane, na siku zote shemeji yake ndiye aliyekuja kwetu. Nikamwelekeza. Akachukua kofia, akatoka bila kunywa chai.