Handaki la Baba Mdogo Kaijage

Enzi zetu, mtoto wa Kagondo hakuingia Bukoba mjini na vumbi miguuni. Tulitoka nyumbani peku, viatu vikining'inia shingoni, na kwenye bomba la kwanza la mjini tuliosha miguu, tukavaa, ndipo tukajiona watu. Bibi, mama yake baba, alitusubiri kando akiwa na kifurushi chake cha jani kavu la mgomba. Ndani mlikuwa na kahawa ya kutafuna, ile ambayo kwetu Mhaya humpa mgeni kabla hata hajamuuliza habari za alikotoka. Mgeni wa Bibi alikuwa mmoja tu: askari wa sanamu.

Vijana wa leo hupiga picha mbele ya sanamu ile bila kujua inasimamia nini. Juzi nilimsikia binti akimuuliza mwenzake, "Kwani huyu alikuwa mlinzi wa benki?" Akajibiwa, "Sijui, wewe tabasamu, simu inaisha chaji." Sisi tulijua. Aliwekwa pale kwa ajili ya waliokufa wakimfukuza nduli alipoivamia Kagera. Nyumbani kwetu askari yule alikuwa na jina kabisa: Kaijage, mdogo wake baba, aliyeondoka juu ya lori pamoja na mgambo wenzake, wanaimba, asirudi tena. Alizikwa Kaboya, kule Muleba, pamoja na wenzake.

Bibi alikataa katakata kwenda Kaboya. "Mimi nimpigie hodi mwanangu?" alisema. "Yeye ndiye atakayekuja kwake." Kwa hiyo alikwenda kwenye sanamu. Alimwekea kahawa miguuni, akamwamkia kwa Kihaya kama mtu aliyetoka safari ndefu, na kila mara alimaliza kwa maneno yaleyale: mahali pako bado pako. Tukishageuka kuondoka, mimi nilijifanya nimeangusha kitu, nikarudi mbio, nikaziokota zile buni na kuzitafuna njiani. Naungama leo. Zilikuwa chungu, na nilizipenda.

Nyuma ya nyumba yetu, katikati ya kibanja, shamba letu la migomba, kulikuwa na handaki. Baba Mdogo alilichimba kwa mikono yake kabla hajaondoka, ili mabomu yakisikika tupate pa kujificha. Nimelala humo. Mpaka leo naikumbuka harufu ya udongo mbichi na jasho la mama, na rozari ya Bibi ikigongagonga gizani.

Vita vilipokwisha, majirani walifukia mahandaki yao na kupanda migomba, na migomba ile ilizaa mikungu ambayo mtu mmoja hakuweza kuibeba. La kwetu Bibi hakuruhusu liguswe. Kila Jumamosi aliteremka na ufagio kuzoa majani yaliyoanguka, na mvua ikinyesha aliteka maji kwa kibuyu mpaka pakauke. Tulipoingia kucheza vita alitutoa kwa fimbo. "Tokeni! Ninyi hamna pa kulala?" Sisi tulidhani anaogopa ndege zitarudi. Tulimcheka kwa siri. Baba alisema tu, "Mwacheni mama na shimo lake," na mtoto wa enzi zile hakumuuliza mzazi swali la pili.

Bibi alifariki nikiwa shule ya bweni. Miaka mingi baadaye baba naye akamfuata.

Mimi sikubebwa na mtu. Nilitoka Kagondo na sanduku la bati, nikasoma, nikapata diploma ya ujenzi, na yapo maghorofa Dar es Salaam yaliyosimama kwa sababu nilikataa mchanga mbaya. Niliporudi sikurudi kuomba ndizi. Palepale ilipokuwa ile ya udongo nilijenga nyumba ya vigae, yenye geti na vyoo vitatu vya ndani. Mtaani kwetu, mtu wa kwanza kuvuta maji ya choo akiwa ndani ya nyumba yake ni mimi. Mafundi waliponiuliza shimo la maji machafu lichimbwe wapi, niliwapeleka mwenyewe nyuma ya nyumba. Handaki lilikuwa limejaa magugu, lakini kuta zake zilikuwa zimesimama kama jana. "Tazameni kazi hiyo," niliwaambia. "Limekaa miaka yote hii halijabomoka. Tunachimba lingine la nini?" Wakapanua kidogo, wakajenga tofali, wakafunika zege. Siku ile nilijipongeza.

Kwenye sherehe ya kuhamia, ndizi zinachemka, senene wanakaangwa, alifika Shangazi kutoka Muleba alikoolewa. Ndiye pekee aliyebaki katika watoto wa Bibi. Alizunguka nyumba yote akigusa vigae.

"Waitu, Fundi Mkuu! Hapa hata ng'ombe angevua viatu."

Watu wakacheka, nami nikavimba kichwa. Kisha akanivuta pembeni, akatoa kifuani kifurushi cha jani la mgomba. Nilijua ni kahawa. Alipofungua nikaona udongo.

"Nimeuchota Kaboya, kando ya kaburi la kaka yangu. Mama aliniagiza: mtoto wa nyumba hii akirudi na kujenga, nimlete Kaijage alale kwake. Nipeleke kwenye handaki."

Nilimpeleka. Sikuwa na ujanja mwingine. Tulisimama mbele ya lile zege na bomba lake la kutolea hewa. Akaligonga bomba kwa kidole.

"Humu mmetia nini?"

Nilimweleza. Sauti yangu, iliyozoea kuamuru mafundi mia, haikuvuka meno.

"Shangazi, nitachimba lingine. Zuri, la saruji, na jina lake juu."

"Utachimba wewe?" aliniuliza. "Lile alilichimba yeye."

Hakunigombeza. Laiti angenigombeza. Alikunja jani, akalifunga upya kwa uzi uleule, akalirudisha kifuani. "Basi narudi naye. Kule angalau ana wenzake." Akaondoka bila kula.

Siku hizi nikienda mjini napita upande wa pili wa barabara. Mara moja nilibeba kahawa mfukoni, nikafika karibu na miguu ya askari yule, nikashindwa. Ningemwambia nini? Kwamba mahali pake bado pake?

Enzi zetu tulikwenda msalani nje, katikati ya migomba, kwenye mvua, tukiwa na koroboi. Hatukuwa na geti wala kigae. Lakini nyumba ile ya udongo ilimsubiri mtu wake kila Jumamosi, kwa ufagio. Leo nina vyoo vitatu. Kila ninapovuta maji nasimama nikiyasikiliza yakiteremka, nami najua yanakokwenda.