Marhamu Iliyokataa Kuuzwa Jumapili

Kwa miaka mingi nimekana, mara moja hata mbele ya walimu wenzangu wa chuo hapa Amherst, pembeni mwa Buffalo, kwamba nikishikwa na mafua hulala na vipande vya kitunguu ndani ya soksi. Leo nakiri: hulala navyo. Mume wangu huhamia sebuleni, na asubuhi naingia darasani nikinuka kachumbari. Nilifunzwa na mama mmoja wa Kiamishi anayeuza jibini sokoni West Side, mjini Buffalo, na mpaka leo sijui kinachonisaidia ni kitunguu au ni kule kulala. Lakini nisingekuwa mteja wake wa siri, safari hii nisingeifunga.

Mdogo wangu Consolata anaishi Newburg, Louisville, na kazi yake ni kufungua maboksi ghalani. Karatasi ngumu hunyonya unyevu wote wa ngozi, na baridi ilipoingia vidole vyake vikapasuka kandokando ya kucha. Daktari alimwangalia, akasema si ugonjwa wa kutisha, apake mafuta. Alipaka, mipasuko haikufunga. Na binti yake wa pekee, Diella, alikuwa anakaribia kuolewa. Tangu tukiwa kambi ya wakimbizi Kigoma, Consolata ndiye aliyewasuka mabibi harusi wa upande wetu. Sasa kila alipojaribu kusuka, rasta zilizama kwenye mipasuko na kumkata kama uzi wa kuvulia samaki. Mashangazi wa bwana harusi walijitolea, kwa upole unaouma, kumpeleka Diella saluni.

"Wakimpeleka," Consolata aliniambia kwenye simu, "mimi siku hiyo nitakaa nyuma na wapishi. Mama gani anashindwa kumsuka mwanawe?"

Nikaenda kwa mama wa jibini. Marhamu ya mikono, alisema, huitengeneza dada yake Miriam, kijijini Ohio, karibu na Columbus. Nilimwomba namba ya simu, akacheka. Waamishi, Wakristo wale wanaotembea kwa mikokoteni ya farasi, hawaweki simu ndani ya nyumba. Ipo moja kwenye kibanda kando ya barabara, ya majirani wote, na mara nyingi inalia peke yake. Basi ningekwenda bila kubisha hodi. Mume wangu aliuliza kama duka la dawa la mtaani limefungwa. Nilimwambia aniachie funguo za gari.

Jumamosi asubuhi niliiacha Buffalo, ziwa likiwa kulia kwangu, la kijivu na lisilojali. Nilikuwa nimejiapiza kutofika Louisville mikono mitupu, na kiapo hicho kilinivusha theluji ya Erie na malori mawili yaliyotaka kunisukuma ziwani.

Jioni nilifika Columbus kwa rafiki yangu Mama Furaha, mtu wa Bukavu, ambaye wiki nzima hufunga nyama kiwandani na hupumzika Jumapili tu. Alinisikiliza akiwa amekwisha washa jiko.

"Bon, kesho kisha kanisa tunaenda sisi wawili," alisema. "Lakini kwa batu hatufike mikono wazi. Nakaanga mandazi."

"Mama Furaha, tunakwenda kununua."

"Donc, mutu akienda kununua hasalimie?"

Jumapili mchana tulifika kwa Miriam, tumevaa vitenge vya ibada kama tunakwenda kuposa. Langoni palikuwa na kibao: mayai, asali, marhamu. Chini yake, kwa herufi kubwa zaidi: Jumapili hatuuzi. Makanisa yetu ya wakimbizi huitumia Jumapili kwa ziara na biashara ndogondogo, hata kuuziana vitenge kwenye maegesho, kwa hiyo wazo la kutouza siku hiyo halikuwahi kunipitia kichwani.

Miriam alitoka, mwanamke mpana wa umri wangu, kofia nyeupe ya kitambaa kichwani. Nilimweleza habari za dada yangu. Nikamweleza tena. Nikaanza kumfafanulia, Mungu anisamehe, jinsi Sabato inavyoruhusu huruma.

"Naamini," alijibu. "Njoo kesho."

"Kesho mwenzangu yuko kiwandani, nami niko Louisville."

"Leo siuzi."

Mama Furaha alinivuta mkono. "Wee professeur, unasumbuka bure. Mwambie hatukukuya ku soko. Tulikuya kutembea." Akamnyooshea Miriam bati la mandazi.

Nilitafsiri: hatukuja sokoni, tumekuja kukutembelea. Miriam alifunua kifuniko, akanusa, akafungua mlango wote. Kumbe Jumapili yao, baada ya ibada, ni ya wageni tu.

Tulikunywa chai ya mnanaa. Mandazi yaliisha. Alitueleza, bila kuuza chochote, kwamba majani mapana yanayoota penye nyasi zilizokanyagwa hulowekwa kwenye mafuta ya zeituni pembeni mwa jiko, yakachujwa kwa kitambaa, kisha ikayeyushwa nta ya nyuki. Mikono ioshwe kwa maji vuguvugu, ipakwe, ivishwe soksi za pamba usiku. Isiguse sabuni ya vyombo mpaka ngozi ifunge.

"Na vidole vikivimba au vikitoa usaha?" niliuliza.

"Hospitali! Nani kakwambia sisi hatuendi hospitali?"

Tulipoaga, alilichukua bati akaliosha. Liliporudi lilikuwa zito, kopo la marhamu likiwa ndani. Nilifungua mdomo kuuliza bei. Mama Furaha alinikanyaga mguu.

Jumatatu jioni, Newburg. Consolata alifungua kopo, akachovya kidole.

"Dada, umesafiri njia yote hiyo kuniletea grisi ya baiskeli?"

"Paka."

"Watu wasio na umeme ndio wanitibu mimi?"

"Nawe ulikuwa na umeme kule kambini? Paka!"

Alipaka. Nikamvisha soksi za shemeji yangu mikononi, akaonekana bondia aliyestaafu. Siku nilizokaa pale nilisimama mbele ya sinki kama askari jela. Niliosha masufuria yote ya ugali, na kila aliponyata kusaidia nilimfukuza kwa mwiko. Shemeji alipoona mgeni anaosha vyombo vyake alipatwa na aibu, akaanza kuviosha mwenyewe. Kazini Consolata alivaa glavu nyembamba ndani ya zile nene, akavumilia utani.

Nilipoondoka mipasuko ilikuwa imeanza kukauka, lakini kusuka alikuwa bado hajajaribu. Mashangazi nao walikuwa bado wanasubiri jibu. Njia nzima ya kurudi Buffalo nilifikiria. Kwamba ni majani au ni nta, siwezi kuapa. Nilichojifunza ni kwamba mikono ya mdogo wangu haikuwa imewahi kupumzika tangu aolewe, na ilihitajika safari ya majimbo manne ili mtu mwingine ashike sifongo.

Alhamisi mchana ya wiki ya harusi, nilikuwa nasahihisha insha za wanafunzi simu ilipolia. Ilikuwa Diella, na alikuwa karibu kulia.

"Mama mkubwa, please, ongea na mama. Anavuta sana! Siwezi hata kufunga macho."

Nyuma yake nikasikia sauti ya Consolata: "Tulia wewe! Mistari miwili tu imebaki. Na usigeuze kichwa."