Mbegu yangu ya uyoga imeanikwa juani

Jamani, siwezi hata kukaa.

Chupa kumi na nane za mbegu ya uyoga, wiki tano za kazi. Nilichemsha ulezi, nikaupandikizia uyoga, nikafunga. Utando mweupe wa uyoga ulishafika chini ya chupa. Kesho kikundi cha wakulima wa uyoga wa kijiji cha Pito wanakuja kuchukua.

Leo narudi kutoka sokoni, nakuta chupa tupu. Ulezi wote uko mkekani, juani.

"Mama Neema, kimea chako kilishaota ukungu," mama mkwe ananiambia. "Nimekiwahi. Kikikauka tunapika pombe."

Nikasema, "Asante, mama."

Kimebaki kisahani kimoja cha jeli ya viazi chenye uyoga hai wa kupandikiza. Hicho kinatoa chupa sita tu.

Pito niwaambieje?

Nimejifungia chumbani na kisahani changu. Mama anagonga, anauliza kama nimekasirika.