Kiganja cha Shaba

Enzi zetu, Jumamosi haikuwa siku ya kulala mpaka saa nne kama wanavyolala hawa tuliowazaa. Asubuhi na mapema mama alinituma nyumba ya pili, kwa Mwalimu Vasantha, aliyekuja Tanga kutoka kusini mwa India kutufundisha hesabu, nikamsaidie kusugua sanamu yake ya shaba. Tulisugua kwa ukwaju na majivu. Mpaka leo nikinusa ukwaju naiona: mungu wao Shiva anacheza ndani ya duara la moto, mikono minne, mguu mmoja juu, mwingine umekanyaga kijitu kilicholala kifudifudi.

"Adabu kwenye nyumba ya watu haikutoi katika dini yako," mama alisema, naye Jumapili hakukosa kanisani.

Siku za kwanza niliogopa hasa. Kiganja kimoja kiliinuliwa mbele kama cha trafiki, nami nilijua ananikataza nisisogee. Yule wa chini nilidhani ni mtoto aliyefeli hesabu, na kwa kuwa mimi na hesabu hatukupikika chungu kimoja, nilimsugua kwa huruma nyingi. Mwalimu alipojua, alicheka mpaka miwani ikamdondoka.

"Kiganja hicho kinasema usiogope," aliniambia. "Na huyo chini ni ujinga. Tazama, macho yake yako wazi. Ujinga hauuawi. Unakanyagwa kila siku, na ukiinua mguu, nao unainuka." Kisha akanirudisha kwenye tebo ya saba.

Sasa naishi ughaibuni, Arlington, nahudumia wazee, na mtihani wa leseni ya uuguzi nimeufeli mara mbili. Mara ya pili nililia ndani ya gari, nikaapa sirudi tena.

Wiki iliyopita tulikwenda Houston kwa dada yangu, akatupeleka makumbusho. Nikamkuta Shiva yuleyule nyuma ya kioo, hanuki ukwaju. Mwanangu Baraka, mwenye miaka kumi na miwili, aliinua macho kutoka kwenye simu mara moja tu.

"Mama, he's telling us to stop. Twende."

Nilicheka, kisha machozi yakanitoka. Nikamshika bega, nikamweleza kiganja, moto, na kile kijitu.

"So the little guy never dies?"

"Hafi, baba. Ndiyo maana Jumatatu nina-retake ile exam."

Nilijisikia nikisema, na sikutaka kuyarudisha maneno yangu.

Mwalimu Vasantha hayupo tena, na ukwaju siku hizi nanunua wa kopo. Sisi maana ya kitu tuliipata kwa kukisugua mpaka vidole viungue. Watoto wetu wanapiga picha na kuondoka. Baraka naye alipiga yake, nikanung'unika moyoni. Lakini jana nilipofungua daftari langu la dawa ninalosomea mtihani, niliikuta picha hiyo imechapishwa na kubandikwa ukurasa wa kwanza. Baraka amekata sanamu yote, amebakiza kiganja.