Anayehama Aanzie Mkiani

Siku hizi wajukuu wakiniambia fulani kahamishwa idara, swali langu ni moja: je, miaka yake kahama nayo? Wananicheka. Wacheke tu.

Miaka ya sabini nilikuwa mchambuzi wa tumbaku kwenye ghala moja pale Mpanda, karibu na stesheni. Malori yalitoka Inyonga, wapakiaji wakashusha marobota, na sie wachambuzi tukatenga majani kwa rangi na ubora. Saa nne uji ulikuja, na uji wetu ulikuwa na utaratibu: aliyetangulia kuingia idarani ndiye aliyetangulia kuchotewa. Umri haukuulizwa. Mimi, binti mgeni kuliko wote, nilibakiziwa makoko. Utaratibu huohuo ndio uliotumika kupunguza watu kazini: wa mwisho kuingia, wa kwanza kutoka.

Basi meneja akamleta shemeji yake kutoka ofisini, akataka awekwe juu ya wachambuzi wa zamani, eti kwa sababu huko ofisini alikuwa wa siku nyingi. Kwenye mkutano wa wafanyakazi akasimama mpakiaji mmoja, mtu mzima, nyumba imejaa watoto, yuko pale tangu ghala halijaezekwa. Akasema, "Miaka haihami. Anayehama aanzie mkiani, hata awe nani." Tulimshangilia hadi meneja akasalimu amri. Mimi nilipiga makofi kuliko wote, maana shemeji mtu aliwekwa nyuma yangu. Hakudumu, akarudi kwenye kiti chake ofisini.

Msimu uliofuata mgongo wa yule mpakiaji mzee ukagoma. Hospitali wakamkataza kubeba mizigo, akahamia kwetu uchambuzi. Siku yake ya kwanza, uji ulipokuja, nilimpisha. "Pita baba, tangulia."

Alinitazama kama nimemtukana. "Humu wewe ndiye mkubwa wangu, mwanangu. Unataka watu waseme sheria ile niliwatungia wenzangu tu?" Akasimama nyuma yangu. Mimi huyo nakunywa uji mbele ya mtu aliyelingana na baba yangu, yeye anakwangua chungu. Kwetu mtoto akifanya hivyo anachapwa, tena kwa haki.

Nilimfundisha majani mwenyewe. Alikuwa na vidole vizito na maswali mengi, na utani wake ulitufanya tusione saa zinavyokwenda. Nilimpenda.

Kisha mvua ziliharibu mashamba na malori yakawa ya kuhesabu. Msimamizi akatangaza idara yetu ipunguze mtu mmoja, na kila mmoja alijua ni nani. Roho haikunipa. Nikamfuata msimamizi, mzee mwenyewe akiwa papo hapo, nikasema miaka yake ya upakiaji ihesabiwe.

"Sawa," akasema msimamizi. "Ikihesabiwa, anayetoka ni wewe. Tuhesabu?"

Nikarudi nyuma hatua moja. Nilikuwa na mama mjane nyumbani Mwamkulu, lakini nisimsingizie mama wa watu, niliogopa tu. Mzee ndiye aliyejibu. "Acha, mwanangu. Sheria ni msumeno, inakata mbele na nyuma." Akavua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka mezani. Na mimi nilifurahi. Ndiyo, nilifurahi, moyo ukatua kabisa, na mpaka leo sijajisamehe furaha ile.

Wiki kadhaa baadaye nilirudi nyumbani jioni nikakuta mama kamchukua kibarua wa kupalilia mpunga. Mama hakumfahamu. "Mpelekee maji yule mzee," akaniambia. "Anakwenda polepole, lakini hana maneno."

Nilimtambua kabla sijafika, kainama, mkono mmoja kashika kiuno. Alinyanyuka kwa shida, akapokea kata ya maji, akanywa yote. Nikamwamkia. Akaitikia vizuri tu, akaniuliza habari za wenzetu kazini. Laiti angenitukana! Nikawa naangalia magugu aliyoyang'oa.

Akanirudishia kata, akaniuliza kwa adabu, kama anavyoulizwa mwenye shamba, "Na kesho nije?"

Nilimwambia aje. Kesho yake niliondoka nyumbani alfajiri, nisije nikamkuta njiani, nikaenda zangu ghalani.